Barua kwa mwanangu: kabla hujakubali kuongoza wauzaji

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, na nimeisoma mimi kisha nikamsomea mama yako. Unasema kampuni yenu ya vifaa tiba inataka kukupa ukuu wa kitengo cha mauzo, kwamba wauzaji utakaowaongoza wengi wamekuzidi umri, na unauliza utafanyaje ili wakuheshimu na wafikie malengo ya kila robo mwaka. Mimi sikuwahi kuuza hata sindano. Nilikuwa fundi wa mashine hospitalini mpaka nilipostaafu, na ninachokijua kuhusu wakuu wa mauzo nilikiona kutoka upande wa mtu anayebaki na mashine baada ya gari la kampuni kuondoka. Nitakujibu kutoka upande huo, hata kama jibu halitalingana sawasawa na swali.

Imani yangu unaijua, maana umeisikia tangu ulipokuwa ukinisubiri karakana baada ya shule: mashine haijauzwa mpaka imemhudumia mgonjwa. Leo nataka ujue ilikotoka.

Unamkumbuka yule kijana aliyekula makande kwetu kule kotazi, ukamuuliza kama yeye ni daktari kwa sababu alivaa tai? Sijawahi kukueleza kilichomleta usiku ule. Yeye ndiye aliyetuuzia mashine ya kupima kemia ya damu, ile iliyokuwa ikipima figo na ini. Kampuni yake iliitoa mashine bila kudai bei yake, kwa sharti kwamba hospitali inunue vitendanishi, yaani dawa za kupimia, kwao peke yao kwa miaka kadhaa. Utaratibu huo wewe unaujua kuliko mimi, na wenyewe si mbaya, kwa sababu hospitali isiyo na fedha ya kununua mashine hupata huduma mapema na kampuni hurudisha fedha zake taratibu. Ubaya ni kwamba mashine ya namna hiyo haikubali kitendanishi cha kampuni nyingine, kwa hiyo siku mwenye mashine akilala, maabara nayo inalala. Kabla mganga mfawidhi hajatia sahihi nilimuuliza yule kijana habari za stabilaiza, kwa kuwa umeme wetu ulikuwa ukipanda na kushuka. Nikamuuliza vipuri vitakaa wapi, na fundi atatoka wapi mashine ikiharibika. Aliandika yote kwenye daftari lake. Mkataba uliporudi kutoka Dar es Salaam haukuwa na hata moja kati ya hayo, kwa sababu mwezi ulikuwa unaisha na mkuu wake wa mauzo hakutaka mazungumzo yafunguliwe upya.

Baada ya muda taa ya mashine iliungua. Ni kitaa kidogo tu, lakini bila mwanga wake mashine haiwezi kusoma chochote. Hospitali iliandika barua, kisha ikaandika nyingine, na wakati huohuo sampuli za damu zilikuwa zikisafirishwa kwa basi hadi hospitali ya wilaya jirani, majibu yakirudi wakati daktari ameshalazimika kuamua bila kuyaona. Kijana alipata habari kwa mtaalamu wetu wa maabara, si ofisini kwake. Alinunua taa kwa fedha zake, akapanda basi la usiku, akatukuta tunakula. Mama yako alimpakulia, naye alikula upesi, kisha tukaenda maabara pamoja. Mgonjwa wa kwanza kupimwa alikuwa mama mjamzito mwenye presha ya juu sana, ambaye daktari alikuwa akisubiri kujua hali ya ini na figo zake ili aamue kama mtoto atolewe usiku huohuo. Majibu yalipotoka, yule kijana aliniomba aishike karatasi mwenyewe, akaisoma namba moja baada ya nyingine kwa sauti kana kwamba ni barua aliyoandikiwa yeye.

Baadaye niliitwa Dar es Salaam kwenye mafunzo katika ofisi za kampuni hiyo, na mimi na mafundi wenzangu tukakaribishwa kuketi nyuma kwenye kikao chao cha mwisho wa mwezi. Mkuu wa mauzo alisoma majina kuanzia aliyeuza zaidi hadi aliyeuza kidogo. Wa juu walipigiwa makofi, wa chini waliambiwa wasimame. Kijana wetu alikuwa miongoni mwa waliosimama. Akaulizwa siku zile ambazo hakuonekana kwenye eneo lake alikuwa wapi, akajibu kwamba alipeleka taa hospitalini kwetu. Mkuu akamuuliza mbele ya watu wote: "Na huko umeuza nini?" Naye akanyamaza. Basi mimi nikanyoosha mkono na kusema kwamba ameuza mashine ile tuliyopewa mwaka uliopita, kwa sababu ndiyo kwanza imemhudumia mgonjwa. Mkuu alinishukuru kwa adabu kabisa, akasoma jina lililofuata.

Miaka yote hii bado naumia kwa lile jina lililofuata. Kijana aliacha kazi, nikasikia anauza bima, na kampuni ikampoteza mtu pekee aliyekuwa akijua mlango wa maabara yetu. Waliobaki walijifunza somo walilofundishwa siku ile: mwisho wa mwezi hupandi basi la kwenda kwa mteja ambaye ameshatia sahihi.

Hata hivyo sitaki nimwonee yule mkuu. Naye alikuwa na malengo aliyowekewa na watu wa juu yake, alikuwa na mishahara ya kulipa, na hospitali za serikali, yetu ikiwamo, zilikuwa zikichelewa kulipa mpaka kampuni ndogo zikafunga milango. Bila mtu wa kusukuma, pengine mashine ile isingefika kwetu kabisa, na yule mama mjamzito angepimwa kwa basi. Hakuna kampuni inayoishi kwa kugawa taa. Nikifika hapo nakaribia kumsamehe. Kisha nakumbuka kwamba hakuombwa atoe taa bure. Aliambiwa tu kwamba mtu wake amefanya kazi nzuri, na yeye hakuona kwamba hiyo ni kazi.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikusimulia habari za Earl Bakken wa Minneapolis, Marekani? Nakurudishia kwa sababu sasa zinakuhusu. Yeye na shemeji yake walianzisha kampuni ya Medtronic katika gereji mwaka 1949, na kazi yao ilikuwa kutengeneza vifaa vya hospitali vilivyoharibika. Mwezi wa kwanza mapato yao yalikuwa dola 8, kwa kutengeneza sentrifuji moja, ile mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi. Walikuwa mafundi kabla hawajawa wauzaji. Tarehe 31 Oktoba 1957 umeme ulikatika mjini kwao, na wakati huo vifaa vya kuendesha mapigo ya moyo vilitegemea umeme wa ukutani; daktari bingwa wa upasuaji, C. Walton Lillehei, akamwomba Bakken dawa ya tatizo hilo. Kwa kuwa Bakken alikuwa akishinda katika wodi na vyumba vya upasuaji, alijua kinachotakiwa, na katika wiki nne hivi alitengeneza kifaa cha betri ambacho mgonjwa angeweza kukivaa, akitumia mchoro wa saketi ya kuhesabia midundo ya muziki aliouona kwenye jarida. Alikipeleka kijaribiwe kwa mnyama, na kesho yake alipopita wodini akakikuta kimeshafungwa kwa mtoto mgonjwa. Mwaka 1960, kampuni ikiwa karibu kufilisika, aliandika malengo yake makuu: kupunguza maumivu, kurudisha afya, kurefusha maisha. Kwa miaka mingi aliwakabidhi wafanyakazi wapya medali yenye mchoro wa mtu anayeinuka kitandani.

Hapo ndipo nilipokuwa nikiishia ulipokuwa mtoto. Sasa wewe ni mtu mzima, kwa hiyo nakuongezea sehemu iliyobaki. Mwaka 2006 kampuni hiyohiyo ilikubali kulipa dola milioni 40 ili kumaliza madai ya serikali ya Marekani kwamba kitengo chake cha vifaa vya uti wa mgongo kiliwalipa madaktari ili watumie bidhaa zake. Madai yenyewe iliyakana. Mwaka uliofuata watengenezaji wengine wanne wa viungo bandia vya nyonga na goti walikubali kulipa jumla ya dola milioni 311 kwa madai ya aina hiyo. Sina shaka watu wa Medtronic walikuwa bado wanazo medali zao. Ninachokiona mimi ni kwamba muuzaji hasomi yaliyoandikwa ukutani. Anasoma swali ambalo mkuu wake anauliza mwisho wa mwezi, na anasoma kamisheni imelipwa kwa tendo gani.

Mama yako amenikatiza hapa, anataka nikuandikie habari za ile barakoa ya kumpulizia hewa mtoto mchanga asiyelia. Anasema kweli, maana alikuwa akifanya kazi leba mafunzo yalipofika. Laerdal ya Stavanger, Norwei, kampuni iliyokuwa ikitengeneza wanasesere kabla ya vifaa vya kuokoa maisha, ilitengeneza mwanasesere wa kufundishia pamoja na barakoa na mfuko wake, na vitu hivyo vikaja pamoja na mafunzo kwa wakunga. Matokeo kutoka hospitali nane za Tanzania, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47. Mama yako anasema zamani barakoa walikuwa nazo kabatini, lakini mikono haikuwa imezoezwa. Mimi nasema ni lilelile: haikuwa imeuzwa bado.

Sasa heshima ya wauzaji waliokuzidi umri. Usiitafute kwenye kikao. Mchukue kila mmoja kwa zamu, umwambie, "Kaka, nipeleke kwenye hospitali uliyoiuzia mashine miaka miwili iliyopita," halafu mkifika umwachie yeye atangulie. Anayekaribishwa chai na mtaalamu wa maabara utamjua hapohapo, na anayetafuta njia ya kupita nyuma ya jengo utamjua pia. Msiwaendee wakubwa tu, mtafuteni fundi. Kwenye kikao cha mwisho wa mwezi soma majina ya hospitali kabla ya majina ya wauzaji, na umwite fundi wenu mkuu aketi karibu nawe aseme ni mashine zipi zimesimama. Kamisheni igawe: sehemu mkataba unapotiwa sahihi, sehemu mashine ikiwa bado inafanya kazi baada ya miezi sita. Wazee hao watalalamika kuhusu hiyo sehemu ya pili, na malalamiko yao yana haki ikiwa kampuni haitawapa vipuri na fundi wa kuifanya iwezekane. Kwa hiyo neno si lako peke yako.

Unataka nikuambie ukubali au ukatae. Nina jibu, na mama yako analijua, lakini ameniomba nilizuie, nami nalizuia kwa shida. Kabla hujatia sahihi, mwombe mkurugenzi wako jambo moja kwa maandishi: muuzaji akiacha kufikia lengo la mwezi kwa sababu alikuwa akisimamisha mashine ya mteja wa zamani, atahesabiwaje? Jibu atakalokupa, au kama hatakupa, nipigie simu jioni hiyohiyo, ndipo nitakuambia ninachofikiri.

Baba yako