Saladi ya matunda ya msimu wa joto: maswali yenu, majibu yetu

Kuanzia Oktoba hadi mvua za Desemba zitakapoanza, jua la Dodoma halina mzaha, na maswali ya saladi ya matunda yamekuwa mengi. Tumechagua machache. Mkiyasoma mtaona kwamba majibu mengi yanarudi kwenye kitu kimoja, nacho ni maji: yanayotoka kwenye matunda, yanayobaki kwenye majani, na yale yanayogandishwa kuwa barafu.

Nikitengeneza saladi ya tikiti, nanasi, papai na zabibu, nusu saa haipiti inakuwa mchuzi. Nakosea wapi? (Msomaji, Kisasa)

Tunashuku sukari. Sukari, asali na chumvi huvuta maji kutoka kwenye tunda lililokatwa, na kadiri vipande vilivyo vidogo ndivyo pa kutokea maji panavyoongezeka. Ukikata tikiti vipande vya ukubwa wa punje ya karanga kisha ukanyunyizia sukari, umetengeneza juisi bila kujua.

Kwa watu sita, pima matunda yakiwa yameshamenywa: tikiti gramu 700, nanasi gramu 400, papai gramu 300, zabibu gramu 250. Kata vipande vya sentimita 2.5 hadi 3. Tikiti likishakatwa, liweke kwenye chujio juu ya bakuli kwa dakika 15. Maji yatakayodondoka usiyamwage. Chukua vijiko vinne vya chakula vya maji hayo, changanya na vijiko vitatu vya maji ya ndimu, kijiko kimoja cha asali na chumvi kidogo ya kushika kwa vidole viwili. Huo ndio mchuzi wako, na hauhitaji sukari nyingine kama matunda yameiva.

Anza na nanasi na zabibu, kwa kuwa ni ngumu na zinavumilia. Mimina mchuzi, geuza. Tikiti na papai viingie dakika kumi kabla ya kula, ugeuze kwa mkono mwepesi, mara mbili au tatu tu. Majani ya nanaa, kama 20 hivi, yawe ya mwisho kabisa, bakuli likiwa tayari mezani.

Papai lililoiva mpaka linabonyea ukilishika, lipeleke kwenye juisi. Kwenye saladi litavunjika na kutia kila kitu rangi. Unalotaka ni lile lenye ganda la njano huku mistari ya kijani bado ikionekana. Nanasi linuse kwenye kitako. Kama halina harufu, usitegemee kwamba litaongezeka utamu nyumbani: nanasi likishavunwa linalainika tu.

Nanaa yangu inageuka nyeusi kwenye bakuli, na rehani inakufa ndani ya friji. Natunzaje? (Msomaji, Nkuhungu)

Ni matatizo mawili tofauti. Nanaa huwa nyeusi ikipondwa: kisu butu kinasaga jani badala ya kulikata, na utomvu wake ukikutana na hewa unabadilika rangi. Ndimu nayo inafifisha kijani cha jani likilowa muda mrefu. Panga majani manane au kumi, yakunje pamoja kama sigara, yakate mara moja kwa kisu kikali, basi. Usirudie kuyakatakata. Majani madogo yaache mazima.

Rehani haipendi baridi. Chini ya nyuzi 10 hivi inapata madoa meusi, kwa hiyo friji ya kawaida inaiua. Weka mabua yake kwenye glasi ya maji, nje ya friji, pasipo na jua. Nanaa na giligilani unaweza kuziweka hivyo hivyo kwenye glasi, ukafunika kwa mfuko, zikakaa ndani ya friji siku kadhaa.

Hewa ya Dodoma ni kavu, na fungu la nanaa lililokaa sokoni tangu asubuhi linakuwa limenyauka ifikapo saa nane mchana. Wahi Majengo au Sabasaba mapema. Kama umechelewa, punguza ncha za mabua na ulizamishe fungu kwenye maji ya baridi kwa dakika 15 hadi 20. Likiwa bado zima, litasimama tena. Osha jani kwa jani kwa maji safi yanayotiririka, maana hujui bustani ilimwagiliwa maji gani, kisha likaushe kabisa kwa kitambaa. Jani lenye maji linalowesha saladi.

Kuhusu kipi kiende na kipi: nanaa na tikiti au nanasi, rehani na embe au zabibu. Giligilani na nanasi, ukiongeza vipande vyembamba vya pilipili mbichi iliyotolewa mbegu, wengi hawaamini mpaka waonje. Mchaichai usiuweke mbichi, una nyuzi. Ponda mabua matatu, chemsha na nusu kikombe cha maji na nusu kikombe cha sukari kwa dakika tano, funika hadi ipoe, chuja. Vijiko viwili vya shira hiyo vinachukua nafasi ya asali.

Zabibu za hapa kwetu zina vumbi jeupe. Ni dawa? Na mbegu zake nifanyeje? (Msomaji, Hombolo)

Utando mwembamba uliosambaa sawasawa na unaofutika kwa kidole ni nta ya zabibu yenyewe, inayozuia tunda lisipoteze maji. Madoa yaliyokauka kama matone, au unga uliojikusanya karibu na kikonyo, huenda ni mabaki ya dawa ya ukungu. Vyovyote vile, osha. Osha zikiwa bado kwenye shada, chini ya maji yanayotiririka, ndipo uzichume. Ukizichuma kwanza, kila moja inabaki na tundu la kupitishia maji machafu.

Zabibu nyingi za Dodoma zimepandwa kwa ajili ya mvinyo: ganda nene, mbegu, utamu mkali wenye uchachu. Kwenye saladi tunaziona bora kuliko zile kubwa za kutoka nje zenye maji mengi, ila lazima uzipasue kwa urefu na kutoa mbegu kwa ncha ya kisu. Mavuno hapa ni mara mbili kwa mwaka, takriban Agosti na Septemba, kisha Februari na Machi. Zikiwa nyingi, baadhi zifute maji, zigandishe kwenye friza. Siku ya joto zinapoza bakuli bila kuongeza maji, jambo ambalo barafu haliwezi.

Nilichanganya nanasi, papai na mtindi usiku, asubuhi ikawa chungu na mtindi umekatika. (Msomaji, Mpwapwa)

Nanasi na papai vibichi vina vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa, na vipande vya protini hiyo ndivyo vinavyoleta uchungu. Mtindi haukuharibika, ulimeng'enywa. Weka mtindi pembeni, kila mtu achukue wakati wa kula. Ukitaka lazima nanasi na mtindi vikae pamoja, chemsha nanasi kwa moto mdogo dakika tano na lipoe kwanza. Joto linaua kimeng'enya. Au tumia embe. Na mtindi uchuje kwenye kitambaa safi saa moja hadi mbili ili uwe mzito.

Tuna kipaimara, watu 60. Ninunue kiasi gani, na umeme ukikatika? (Msomaji, Ipagala)

Hesabu gramu 180 kwa mtu, yaani kama kilo 11 zilizo tayari kuliwa. Nunua tikiti kilo 8 (utabaki na kama 5), nanasi kilo 6 (nusu yake ni ganda, macho na kiini), papai kilo 3, zabibu kilo moja na kidogo, ndimu 20, na nanaa mafungu manne.

Kata asubuhi ya siku yenyewe. Kila tunda likae kwenye chombo chake chenye mfuniko, na mchuzi kwenye chupa. Usichanganye mpaka wageni wameketi, hata shangazi akisimama mlangoni kuuliza saladi iko wapi.

Tikiti lioshe kwa maji na brashi kabla ya kulikata, kwa sababu kisu kinapita kwenye ganda na kubeba uchafu hadi ndani. Ubao uwe tofauti na wa nyama. Friji isiyofunguliwa inashika baridi kama saa nne baada ya umeme kukatika, kwa hiyo usiifunguefungue kuangalia. Hotpoti nazo zinatunza baridi kama zinavyotunza moto: zijaze maji ya barafu dakika kumi, mwaga, kausha, ndipo uweke matunda yaliyokwisha kupoa. Mezani, bakuli likae ndani ya beseni la barafu. Barafu lisiingie kwenye saladi, hasa kama maji yake hayakuchemshwa. Saladi ikikaa nje saa mbili, iondoe. Kwenye turubai lenye joto la zaidi ya nyuzi 32, saa moja inatosha.

Ndimu zimepanda bei. Ubuyu unafaa? (Msomaji, Chamwino)

Unafaa sana, na kwa saladi ya tikiti tungeuchagua hata ndimu zikiwa rahisi. Tumia unga wa ubuyu mweupe usiotiwa rangi wala sukari. Vijiko viwili vya chakula vya unga, robo kikombe cha maji ya vuguvugu, kijiko kimoja cha asali. Koroga, acha dakika kumi, chuja. Ubuyu una pektini, kwa hiyo mchuzi unakuwa mzito na kung'ang'ania tunda badala ya kushuka chini. Usiuchemshe, utapoteza vitamini C nyingi bila faida. Ukwaju nao una uchachu mzuri, lakini rangi yake inafanya papai lionekane limechakaa.

Mtoto wa miezi kumi anaweza kula? (Msomaji, Area C)

Papai au embe lililopondwa, ndiyo, bila mchuzi wetu. Asali hapewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Hata akikua, hadi miaka mitano, zabibu zikatwe kwa urefu vipande vinne, kwani zikiwa nzima zinaweza kumkaba.

Kivumbasi kinaweza kuchukua nafasi ya rehani? Kimejaa nyuma ya nyumba. (Msomaji, Kongwa)

Ni ndugu, lakini kivumbasi kina harufu kali ya kufukuzia mbu na kitameza ladha ya matunda yote. Kiache huko huko nyuma ya nyumba, utumie nanaa.