Hiyo ni Githeri, Mwalimu

Kila mwaka hunijia mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuunganisha utafiti wa teknolojia na elimu ya watoto. Nianzie wapi, huniuliza. Mimi nilianza vibaya, basi nisikilize.

Nilitundika kihisi cha vumbi kwenye ukuta wa shule moja Mukuru, mtaa wa mabanda Nairobi, juu kabisa, mtoto asikifikie. Ndani mna feni ndogo inayovuta hewa na mwale wa leza unaohesabu chembe za PM2.5, yaani vumbi laini mno: unywele mmoja una unene wa chembe kama 30 hivi. Takwimu zikanifikia Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, nikajiona mwanasayansi. Kisha kimya. Nilipokwenda nilikuta plagi imechomolewa, simu ya mtu inachajiwa pale pale. Ningemlaumu nani? Hakuna aliyekuwa ameambiwa kile kiboksi ni cha nini.

Mara ya pili niliwapa watoto bisibisi. Gredi ya saba wakafungua, wakaunganisha nyaya, wakakosea, wakarudia. Kila kipindi kikiisha wanaandika namba ubaoni, kando ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021: maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24. Kila siku saa tatu asubuhi namba zinaruka. Mimi kwenye rasimu nilikuwa nimeshaandika ni moshi wa Eneo la Viwanda. Msichana mmoja akacheka: "Hiyo ni githeri, mwalimu."

Jiko la kuni la kupikia githeri, yaani mahindi na maharagwe, lilikuwa nyuma ya darasa lao. Tukaenda kwa mpishi, akasema huwasha saa mbili na nusu, ila siku ya wali huchelewa. Tukarudi ubaoni: siku ya wali, namba nazo zilichelewa. Nilifuta kurasa mbili za rasimu.

Kwa hiyo kihisi kiweke chini, wakishike. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi Kenya, kiombe mapema, na barua ya idhini ya wazazi iandike kwa Kiswahili cha nyumbani. Vipuri nunua Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki mjini Nairobi, kikiharibika mwalimu ajue pa kwenda bila kukupigia simu. Na Julai usiamini namba za alfajiri: vihisi hivi vya bei nafuu huhesabu matone ya ukungu kama vumbi. (Hilo nalo lilinila mwezi mzima.)

Jiko limehamishiwa ng'ambo ya uwanja. Mpishi bado ananinunia, maana sasa sufuria anaibeba mbali.