Majibu ya Charpy yanayotofautiana: usikimbilie wastani

Ndugu, nimekuelewa: vipande vitatu vya bamba moja la chuma, vyote vimevunjwa kwa kipimo cha Charpy (nyundo ya bembea huvunja kipande chenye mkato na kuonyesha nishati iliyotumika) kwenye nyuzijoto −20 za Selsiasi, vimetoa jouli 94, 31 na 68, nawe unashuku mashine. Huenda ni nzima kabisa. Chuma cha kawaida kikiwa katikati ya mpito, kutoka kunyumbuka hadi kuvunjika kama kioo kadiri baridi inavyozidi, hutawanya majibu hivyo hivyo.

Anza na nyuso za mvunjiko. Sehemu ya kijivu iliyofifia yenye nyuzinyuzi ilichanika taratibu. Yenye chembe zinazometameta ilipasuka ghafla. Natarajia kile cha 31 king'ae zaidi. Kisha pima mkato: kina milimita 2, mviringo wa ncha milimita 0.25. Kifaa butu cha kukatia huongeza mviringo huo na kukupa jouli za uongo. Toka kipande kwenye kimiminika baridi hadi nyundo kupiga, zisizidi sekunde 5, na koleo lipozwe pamoja na vipande. Mimi niliwahi kutupa seti nzima kwa sababu ya koleo la joto.

Sasa vunja vitatu vitatu kwenye +20, 0, −40 na −60, uchore mkunjo wa jouli dhidi ya nyuzijoto. Huo utakueleza mengi kuliko wastani.

Ila Charpy haikupi ukinzani wa ufa wa kutumia moja kwa moja kwenye hesabu. Kama bamba ni nene, au tayari lina ufa, usiliidhinishe mwenyewe. Mwite mhandisi wa mivunjiko apime vipande vyenye ufa wa uchovu, yaani ufa ulioanzishwa kwa mzigo unaorudiwarudiwa.