Maswali na Majibu: Sauti, Ratiba na Makaratasi ya Filamu Yako

Nimeweka akiba ya kununua kamera mpya. Rafiki yangu ananishauri fedha hizo niziweke kwenye sauti. Nimsikilize?

Msikilize. Mtazamaji huvumilia picha yenye chenga, pengine hata akadhani ndio mtindo wako. Akishindwa kusikia mwigizaji anasema nini, anaondoka.

Maiki iliyobandikwa juu ya kamera haifai kwa mazungumzo, na kosa lake kubwa ni kwamba iko mbali na kinywa. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti ya msemaji hupungua kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi, lakini mwangwi wa chumba unabaki karibu vilevile. Ndiyo maana maiki ya kawaida iliyofungwa kwenye fimbo na kushushwa mpaka ukingoni mwa picha huishinda ya ghali iliyosimama mita tatu kutoka hapo. Kwa hiyo kabla ya kununua maiki, tafuta mtu wa kuishika fimbo, asiyechoka mikono na asiyekodoa macho kwenye simu. Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, na uache sauti ifike karibu desibeli -12 inapopanda (kwenye kipimo cha kinasa sauti, 0 ndiyo ukomo), ili mtu akipiga ukelele isipasuke.

Kabla hamjahama mahali, wanyamazishe watu wote na urekodi ukimya wa chumba hicho kwa dakika moja. Kila chumba kina ukimya wake, na mhariri atauhitaji kuziba mapengo kati ya maneno. Mimi niliwahi kuiruka hatua hiyo kwa sababu jua lilikuwa linazama, nikaja kukesha nikinyofoa vipande vya nusu sekunde katikati ya sentensi za waigizaji.

Friji nayo izimwe. Weka funguo za gari ndani yake, hutaondoka bila kuiwasha tena.

Mswada wangu una kurasa 90 na waigizaji ninao kwa siku kumi tu. Nitamaliza?

Hesabu ya haraka inakupa kurasa tisa kwa siku. Ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo unataka dakika tisa zinazofaa kila siku. Kikundi kidogo kikifikisha kurasa tano bila kulipua kazi, kimejitahidi sana.

Hata hivyo, idadi ya kurasa inadanganya. Wapangaji wa ratiba huugawa ukurasa sehemu nane, kisha hutazama kila sehemu ina nini ndani yake. Watu wawili wakibishana mezani kurasa sita, mnaweza kuwamaliza mchana mmoja. Mstari mmoja tu, "Umati unavamia soko usiku," ni sehemu moja ya nane, na unaweza kumeza siku mbili nzima.

Kinachokula muda zaidi ni kuhama. Kushusha taa, kukunja nyaya, kupakia, kufika, kupakua, kuwasha upya: saa mbili zimekwenda na hujapiga kitu. Upitie mswada na ujiulize ni mahali pangapi panaweza kuwa pamoja. Mazungumzo ya hospitalini yakihamia jikoni, je, hadithi inakufa? Mara nyingi haifi. Nafikiri ukifikisha mahali patatu, na matukio ya usiku ukayapunguza, siku kumi zinaweza kutosha, ila mazoezi na waigizaji yafanyike kabla, kwa sababu siku ya kupiga si siku ya kujifunza maneno.

Nikipiga ndani, taa zinapepesa kwenye picha ingawa kwa macho sizioni zikipepesa. Kamera ni mbovu?

Hapana. Umeme wa nyumbani hupiga mara 50 au 60 kwa sekunde, kutegemea nchi, na shata ya kamera, yaani muda inaopokea mwanga kwa kila picha, haijakubaliana nao. Kwenye umeme wa hezi 50 tumia shata ya 1/50 au 1/100 ya sekunde. Kwenye hezi 60, 1/60 au 1/120. Ikiendelea, taa yenyewe ndiyo mbovu, hasa zile za LED zilizopunguzwa mwanga. Ibadilishe.

Nimetumia wimbo maarufu kwa sekunde 20. Nimeambiwa chini ya sekunde 30 ni ruksa. Kweli?

Si kweli, na sijui uvumi huu ulizaliwa wapi, maana kila mwaka naulizwa. Hakuna idadi ya sekunde inayokupa ruhusa. Wimbo una haki mbili: ya utunzi, yaani melodi na maneno, na ya rekodi unayoisikia. Kila moja inaweza kuwa na mwenyewe, na unahitaji kibali cha wote. Ukimwomba mwanamuziki mwingine auimbe upya, umekwepa ya pili tu.

Njia rahisi ni kumpata mtunzi akutungie, mwandikiane na mtie saini. Hata akiwa rafiki, tena hasa akiwa rafiki. Fanya hivyo pia kwa kila mwigizaji, mwenye nyumba uliyopigia, na mwandishi wa mswada kama si wewe. Anayetaka kuinunua filamu ataomba karatasi hizo, na kumtafuta mwigizaji aliyehama miaka miwili iliyopita ili asaini ni kazi ya kutoa jasho.

Filamu imeisha. Niiweke mtandaoni leo au nipeleke kwanza kwenye matamasha?

Matamasha kwanza. Mengine hukataa filamu ambayo tayari imeonyeshwa hadharani, na ukishaiachia huwezi kuirudisha; soma masharti ya kila moja. Kama ni filamu fupi, angalia urefu: tuzo za Oscar, kwa mfano, huweka kikomo cha dakika 40, majina ya mwishoni yakiwemo. Binafsi naona nyingi zingependeza zaidi zikiwa na dakika 12.

Kabla hujalala, hifadhi nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Hifadhi pia toleo lisilo na maandishi kwenye picha, na faili za sauti ambamo mazungumzo yametengwa na muziki na vishindo. Atakayetaka kuitafsiri kwa lugha nyingine ataziomba, na faili la uhariri likishafutwa kwenye kompyuta hazipatikani tena.