Barua kwa mwanangu aliyepata leseni juzi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia, nikaona nikujibu kwa maandishi, maana kwenye simu tungeishia kubishana. Umeuliza: leseni ya daraja D unayo, gari ni lako, mikanda iko mitano, sasa kwa nini baba anakukataza kuwabeba walimu wenzako wanne Jumamosi, kutoka hapo Masasi kwenda Newala kwenye sherehe ya jando, na papo hapo anasema mama mdogo umbebe? Sheria gani inasema hivyo?

Ya kwetu haisemi. Trafiki akikusimamisha, akakuta leseni, bima, na kila mtu kafunga mkanda, atakuruhusu upite. Lakini tazama leseni ya daraja C, ile ya kuendesha gari la abiria wa kulipa nauli. Hupewi mpaka uwe umekaa na leseni ya chini yake miaka 3. Waliotunga walijua kwamba kulimudu gari hakutoshi kumkabidhi mtu roho za wenzake. Kwa gari la nyumbani wametuachia tujipime wenyewe.

Wenzetu hawakuacha. New Zealand tangu 1987 mtu akifaulu mtihani wa kwanza wa barabarani hapewi leseni kamili, anapewa ya masharti. Haendeshi peke yake kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, na habebi abiria mpaka kiti cha mbele akae msimamizi mwenye leseni kamili aliyoishika angalau miaka 2. Mwenzi wake wa ndoa na watoto wake anaruhusiwa kuwabeba. Kule California kijana aliyepata leseni kabla ya miaka 18, kwa miezi 12 ya mwanzo habebi mtu wa chini ya miaka 20 bila kuwepo mtu mwenye leseni wa miaka 25 au zaidi. Najua utasema hizo ni za watoto na wewe ni mtu mzima, mwalimu wa watu. Ya New Zealand haimwachi mtu mzima. Anayeanza kuendesha akiwa na miaka 40 anapitia masharti hayohayo, anapunguziwa muda tu.

Na hawakuyatoa hewani. Mwaka 2012 AAA Foundation, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama barabarani, ilichambua vifo vya madereva wa miaka 16 na 17. Dereva wa umri huo akibeba kijana mmoja wa chini ya miaka 21, bila mtu mzima ndani, hatari ya yeye kufa kwa kila maili inapanda kwa asilimia 44. Akibeba wawili inakuwa mara mbili. Watatu au zaidi, mara nne. Akibeba mtu wa miaka 35 au zaidi, hatari inashuka kwa asilimia 62. Wewe umewapita umri, sikatai, na kwako hesabu haiwezi kuwa ileile. Lakini ona ilivyopanda na kushuka kwa kubadilisha tu aliyekaa kwenye kiti. Ndiyo maana nikamtaja mama mdogo.

Mimi haya nimeyaona kutoka kwenye kiti cha lori. Zamani huku kwetu dereva alitokea kwenye utingo. Ulikaa kushoto kwa mwenye gari misimu ya korosho inapita, unakaza turubai, unaweka jiwe nyuma ya tairi, na muda wote huo macho yako yanajifunza barabara kabla mikono haijashika usukani. Siku hizi mtu anatoka chuo cha udereva moja kwa moja na gari lake. Mikono inajua, macho bado. Dereva mgeni anatazama karibu, anaishia hatua chache mbele ya boneti. Kibao cha 50 anakiona akishakifikia. Mbuzi anamwona akishaingia barabarani.

Sasa jaza wanne humo. Kioo cha kati kimejaa vichwa, nyuma huoni kitu. Mmoja anakunyooshea simu begani uone picha. Mwingine anasema, "Mwalimu, hili Fuso tutalifuata mpaka lini? Si ulipite!" Hajakutakia mabaya, anakupenda. Lakini unaona aibu, unachungulia, unatoka, na gari dogo lenye watu watano halichomoki kama lilivyochomoka jana ulipokuwa peke yako. Mtu mzima aliyezoea njia yeye anakaa mbele na kukwambia, "Taratibu, kuna kona hapo."

Na ile njia ya Newala ina mteremko wakati wa kurudi. Gari likiwa limejaa, ukishuka na gia ya D ya otomatiki huku umekalia breki, zinapata moto, zinaanza kunuka, na kanyagio linakuwa kama sponji. Weka gia ndogo mapema, kabla ya mteremko kuanza, uache injini ilizuie gari. Ukisikia harufu, tafuta sehemu pana, simama, acha zipoe. Usizimwagie maji.

Kinachokusumbua hasa, naona, si sheria. Ni aibu ya kumwambia mtu hapana wakati viti viko wazi. Huku kusini ukimpita jirani kando ya barabara na beseni lake kichwani, habari inafika kwao kabla yako. Mimi nakuomba uninyooshee mimi kidole. Sema, "Mzee wangu kanikataza kwa mwaka mmoja." Hakuna atakayekununia kwa kumsikiliza baba yako, na atakayenuna aje aninunie mimi. Mama mwenye mtoto mgonjwa, huyo mbebe wala usiniulize, ila nenda polepole na wengine wasipande.

Jumamosi basi iwe hivi. Mama mdogo nimeshaongea naye, atakusubiri stendi ya Masasi saa 1 asubuhi. Atakaa mbele. Mwalimu mmoja akae nyuma, yule mtulivu unayemsifu siku zote. Watatu waliobaki wapande Noah, nauli yao ya kwenda na kurudi nakutumia leo jioni. Mrudi kabla ya magharibi, hata kama ngoma haijaisha. Mnada wa korosho ukianza, nitakuja huko na mama yako na wadogo zako wawili, utuendeshe mpaka Ndanda na kurudi, gari likiwa limejaa. Nitakaa mbele nikuangalie, na tukirudi tutazungumza kuhusu wenzako.

Baba yako,
Majengo, Mtwara