Siku zimekatika, kocha anafurahi

Nina miaka 19, nakimbia mita 5,000, kambi yangu iko Iten. Sijaona siku zangu miezi 5 na sina mimba. Kocha anasema ndiyo dalili ya kuiva. Ni kweli?

Si kweli, mdogo wangu. Mwili usipopata chakula cha kutosha hubana matumizi, na wa kwanza kukatiwa ni uzazi. Estrojeni, homoni ya kike, hushuka, hedhi hukatika. Ila estrojeni hiyohiyo ndiyo mlinzi wa mifupa, na kwa umri wako mifupa bado inajijenga. Mwaka 2019 mkimbiaji wa Marekani, Mary Cain, alieleza hadharani kwamba baada ya kubanwa apunguze uzito alikaa miaka 3 bila hedhi na akavunjika mifupa 5. Miezi 3 tu inatosha kumwona daktari, wewe umeshaipita. Akupime na tezi ya shingoni pia, maana sababu huwa zaidi ya moja.

Mimi ugali nala hadi nashiba. Asubuhi natoka saa 12 bila kitu, nikirudi nanywa chai na mkate, nalala hadi mchana. Nawezaje kuambiwa sili vya kutosha?

Kushiba si kutosha, dada. Tuseme una kilo 50, ukiondoa mafuta ya mwili zinabaki 40. Kila moja ya hizo inataka kama kalori 45 kwa siku: 1,800, tena hizo ni mbali na za mazoezi. Kilomita 15 zinakula takriban 750. Unadaiwa zaidi ya 2,500, na hadi saa sita mchana umelipa chai na mkate! Kula ndizi au kikombe cha uji kabla ya kutoka. Ukirudi, mayai na viazi vitamu, au chapati na ndengu, kisha ulale. Chai isubiri kama saa moja baada ya chakula, kwani huzuia madini ya chuma.

Nilipewa vidonge vya kupanga uzazi, damu imerudi. Nimepona?

Hapana. Damu hiyo ni ya kidonge. Mfupa haujapata chochote, na sasa huna tena dalili ya kukushtua. Dawa ni sahani kubwa na kilomita chache, kwa miezi.

Muundi unauma mahali pamoja, hata usiku. Nichue niendelee?

Usichue, usikimbie. Maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole huenda ni ufa kwenye mfupa. Eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haiuoni, kwa hiyo "picha ni safi" isikurudishe uwanjani. Yakiwa kwenye kinena, nenda hospitali leo.

Mume wangu naye ni mkimbiaji. Yanampata?

Yanampata. Ndiyo maana mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliacha kulihesabu tatizo hili kuwa la wanawake peke yao, ikaliita RED-S, yaani upungufu wa nishati kwa wanamichezo. Yeye hana hedhi ya kumwonya. Muulize tu, faraghani, kama hamu ya tendo la ndoa bado ipo.