Kabla ya kutafuta nguvu, tafuta kinyama kipya

Dada, simama hapo hapo. Umeuliza kikundi cha kukutia moyo na jinsi ya kumwambia mama, lakini katikati umepenyeza kwamba uvimbe wa saratani ya titi umerudi kwenye kovu na unaanzishiwa dawa kwa majibu ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachotolewa kupimwa, ya 2020. Hapana! Kinyama kipya kwanza.

Saratani ikirudi inaweza kuja na tabia nyingine. Vipokezi, yaani milango ya seli inayopokea ujumbe wa kukua, vya homoni za estrojeni na projesteroni na kile kiitwacho HER2, huweza kubadilika. Vya estrojeni vikiwa vimepotea, tamoxifen, dawa ya kuziba estrojeni, miligramu 20 kila siku ni pipi chungu tu, uvimbe unaendelea kukua. HER2 ikiwa imejitokeza, kuna trastuzumab, dawa inayoilenga, na hakuna atakayekuandikia kwa karatasi ya zamani.

Omba sindano nene, inayotoa vipande vya nyama. Nyembamba hufyonza seli tu, mara nyingi hazitoshi kupima vipokezi. Kipande kiingie kwenye fomalini ya 10%, dawa ya kuhifadhi nyama, ndani ya saa moja, fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama, kikae humo saa 6 hadi 72. Hapa ndipo panapoharibika: kachupa kanasahaulika dirishani tangu Ijumaa, au nyama imetiwa maji ya chumvi, vipokezi vinaharibika, majibu yanakuja hasi kumbe si hasi. Fomu iandikwe saa kilipotolewa na saa kilipoingia kwenye fomalini. Kikitoka mfupani, waulize wanakilainisha kwa dawa gani, maana asidi kali inavuruga kipimo.

Yule wa koti jeupe aliyenijibu "ugonjwa ni ule ule, pesa ya kipimo ya nini," popote alipo jino limuume. Na hao wa "ukiigusa kwa sindano inasambaa" ndio hao hao wenye mizizi ya kuuza. Ada ya chuo chao nimelipa, cheti sijapewa.

Kama uvimbe upo mahali sindano haifiki kwa usalama, sawa, lakini daktari aandike sababu kwenye faili.

Msaada? Tafuta mtu wa kulia naye na mtu wa kubeba faili, na wasiwe mmoja. Wa faili aingie nawe kwa daktari, apige picha kila jibu, afuatilie maabara wakutunzie kile kipande cha nta walichogandishia nyama yako, utakihitaji ukitaka daktari wa pili aangalie.

Miguu ikilegea ghafla au mkojo ukigoma, achana na uzi huu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.